Hata Kama Ametumwa

— Laki tano! Laki tano kwa mwaka, kibali cha kuuza vichupa ambavyo vyote nikivipanga hapa chini havifiki laki mbili! Huyo aliyepiga hesabu hii alikuwa amekunywa chai kweli?

Aliyekuwa anapiga kelele ni mimi. Naliandika hilo mapema ili msije mkamtafuta mwingine.

Benchi letu liko mbele ya duka langu, juu kidogo ya stendi ya Lushoto, pale barabara inapoanza kupanda kwenda Magamba. Ni ubao mmoja wa msonobari na magogo mawili. Aliuleta Mzee Kornelio mwaka aliostaafu kazi ya misitu, ndiyo maana tunamwita Bwana Misitu na ndiyo maana anakaa katikati. Kulia kwake hukaa Dotto fundi simu, jina lake hapa ni Injinia. Kushoto ni Nathanieli, tunamwita Wakili kwa sababu aliwahi kushinda kesi ya mbuzi mahakama ya mwanzo akijitetea mwenyewe, na tangu siku hiyo hajapumzika. Mzee Nassoro huweka jiko lake la kahawa pembeni na husema mara mbili kwa siku. Mimi ni Twaha, naitwa Bei Moja. Sipunguzi na sipandishi. Kila kitu dukani kwangu nimekiandika bei kwa maka peni ya bluu, na vile vinavyoharibika nikiuza naandika na tarehe, ili mtu asije kesho akaniambia nimemuuzia kilicholala. Shule niliishia darasa la nne. Kuandika vizuri nilijifunza kwenye mifuko ya sukari. Siku hiyo ilikuwa siku ya gulio, saa nne, ukungu bado haujapanda, watu wanashusha karoti na kabichi, na karatasi ya rasimu ya sheria ndogo kuhusu vepu, zile sigara za mvuke za kuchaji na vichupa vyake vya kujazia, ilikuwa mkononi mwangu.

— Punguza sauti, mgosi, alisema Bwana Misitu. Soma kile kifungu cha tano tena. Taratibu.

Nikasoma:

— "Ni marufuku kumuuzia au kumkabidhi bidhaa hizi mtu yeyote mwenye umri chini ya miaka kumi na minane, hata kama ametumwa na mtu mzima."

— Hata kama ametumwa! Wakili alipiga goti. Mnasikia? Hata kama ametumwa!

— Aliyeandika hivyo hakulelewa na mama, alisema Injinia. Mtu mwenye mama ameshatumwa chumvi.

— Ametumwa kiberiti.

— Ametumwa sigara! alisema Wakili. Mimi nikiwa na miaka sita nilikuwa naijua njia ya duka kuliko njia ya shule. Baba akikohoa tu, nimeshafika dukani.

— Na hukuvuta?

— Nilivuta baadaye, kwa hela yangu.

Tukacheka. Mimi nikasimama, maana nikiwa na neno zuri siwezi kulisema nimekaa.

— Sikilizeni. Mtoto aliyetumwa si mtoto. Ni miguu ya mkubwa. Mimi sijamuuzia yeye, nimemuuzia aliyemtuma. Mzee wa miaka themanini kule juu, magoti yamekwisha, ashuke mwenyewe mpaka hapa kwa ajili ya kichupa kimoja? Halafu apande vipi?

— Hapo umeongea! Andika hiyo! Iweke kwenye barua!

Nilikuwa nimeshaiandika. Barua yetu ya maoni ilitakiwa ifike ofisi ya kata kabla ya saa nane mchana, siku ya mwisho ya kupokea maoni ya wananchi. Niliiandika kwa siku tatu usiku, kwa mkono, na sikumwomba Wakili anisaidie hata nukta. Majina yalikuwa ishirini na tisa. Nilitaka thelathini, kwa sababu ishirini na tisa inaonekana kama mtu mmoja alikataa.

Sasa msidhani hatukuwa na hoja. Hoja tulikuwa nazo, na mpaka leo nazisimamia. Mtazameni Bwana Misitu. Alivuta sigara miaka thelathini na moja, zile kali, za kambini. Kwenye mlima wa kwenda kwake alikuwa anapumzika mara tano, mara ya tano anakaa chini kabisa kama mzigo ulioachwa. Mwanawe alimletea vepu kutoka Dar, akaacha sigara mwezi huo huo.

— Sasa napanda mpaka Magamba naimba, alisema.

— Unaimba vibaya, alisema Mzee Nassoro. Hiyo ilikuwa moja kati ya mara zake mbili.

— Naimba vibaya, lakini pumzi ninayo! Leo waje waniambie Twaha hana ruhusa kuniuzia mpaka alipe laki tano? Nirudi kwenye sigara, ambazo zinauzwa kila kibanda na hakuna aliyeziandikia karatasi?

— Na mimi wakinifungia, nikasema, vitu hivi havitakoma. Vitapanda na basi kutoka Mombo kwenye begi la mgongoni. Yule wa begi hana ukuta, hana jina, hana bei. Leo yuko stendi, kesho yuko Korogwe. Kikiwa kibovu utampata wapi? Mimi nina mlango. Mtu akitaka kunitukana anajua pa kusimama.

— Kweli kabisa.

— Mwenye duka ndiye anayeweza kumwambia mtoto hapana. Wa begi hawezi. Hiyo ndiyo hoja yangu kubwa.

Nilisema hivyo. Mbele ya watu. Kifua mbele.

Lakini benchi letu haliwezi kukaa na hoja nzuri kwa muda mrefu, linaichoka.

— Mimi nitawaambia shida yenyewe, alisema Wakili, akishusha sauti kana kwamba kabichi zina masikio. Shida ni Irente.

— Irente imefanya nini?

— Mgeni anatoka Ulaya, amelipa, amefika ukingoni kutazama bonde la chini. Anakuta wingu. Anauliza, hili wingu la Mungu au la vijana? Kiongozi wake anashindwa kujibu. Mgeni anaandika kwenye simu: Lushoto mawingu yao si ya kuaminika. Utalii umekufa.

— Ah, we! Injinia alimsukuma bega. Si Irente. Ni chaji. Fikirini. Kila kinachochajiwa kina namba ndani. Simu ina namba, redio ya kuchaji ina namba. Vepu nayo ina namba. Ukivuta mara moja, inaandika moja. Ukivuta mara mbili, inaandika mbili. Wanataka kuhesabu pumzi za watu, halafu watoze kwa pumzi.

— Mimi wangenitoza ngapi? aliuliza Bwana Misitu.

— Wewe na huo mlima wako? Ungeuza shamba.

— Ndiyo maana wanataka kibali! Wakili alichangamka. Kibali kinafungua mlango wa pumzi. Wakimaliza vepu wanahamia kwenye mvuke wote. Mvuke ni mvuke, sheria haibagui. Kesho birika la Mzee Nassoro linahitaji kibali.

— Birika langu liacheni, alisema Mzee Nassoro. Hiyo ikawa ya pili.

— Na mlima je? Injinia alinyoosha kidole juu, ukungu ulikuwa unashuka kwenye miti kama mtu anayeutoa puani. Mlima unavuta kila asubuhi, tena ladha ya baridi. Ni nani atakwenda kuukamata?

Tulicheka mpaka mama mmoja muuza peasi akatugeukia. Nilicheka kuliko wote. Nakumbuka hivyo kwa sababu machozi yalikuwa bado machoni nilipomwona Husna anavuka barabara na ndoo ya karoti kichwani.

Husna ni mkwe wa marehemu Mzee Abubakari wa Magamba. Mumewe, Omari, anafanya kazi Tanga, kwa hiyo kwetu sisi ni shemeji. Na Mzee Abubakari si jina la kupita tu. Ile ncha ya benchi karibu na nguzo, ambayo mpaka leo hatuikalii, ilikuwa yake. Naye aliacha sigara akaingia kwenye vepu, ile ya kujaza, na alikuwa mteja wangu wa kichupa kimoja kwa wiki mbili. Magoti yalipomshinda akaacha kushuka, akawa anamtuma mjukuu wake, Maryam, binti wa Husna. Mikono nayo ilikuwa inamtetemeka, kwa hiyo Maryam ndiye aliyekuwa anamjazia. Tulimzika siku tatu kabla ya Idi. Sisi wote mliotusikia hapa tulibeba jeneza, hata Bwana Misitu na Wakili ambao ni watu wa kanisani.

— Shikamoo baba, Husna alimwambia Bwana Misitu.

— Marahaba mwanangu. Za Magamba?

— Nzuri. Shikamoo Mzee Nassoro. Hamjambo nyote. Shemeji Twaha, habari za asubuhi?

— Njema shemeji! Umekuja wakati mzuri sana. Tunatafuta jina la thelathini.

Wakili alikuwa ameshampisha akae. Alitua ndoo chini lakini hakukaa. Alikuwa amefunga kitu kwenye pindo la kanga yake, akakishikilia kwa mkono mmoja, kama wanavyoshika hela kina mama wa gulio.

— Jina la nini?

— Wanataka kutufungia, Injinia alisema. Vile vichupa alivyokuwa anatumia marehemu. Wanataka Bei Moja alipe laki tano au aache. Wewe ni shahidi, shemeji. Marehemu vilimsaidia au havikumsaidia?

— Vilimsaidia, alisema Husna. Aliacha kukohoa usiku. Tukawa tunalala.

— Umeona! Bwana Misitu alinitazama. Huyu ndiye shahidi. Mpe kalamu.

— Kalamu siwezi vizuri, nitaweka dole gumba. Lakini nisomee kwanza.

Hilo nililipenda. Mimi mwenyewe siweki dole mahali nisipopajua. Nikasimama tena, nikakohoa kidogo, nikaanza. Nikasoma habari za laki tano. Nikasoma habari za mabegi ya kutoka Mombo. Nikasoma ile ya miguu ya mkubwa, Wakili akaitikia. Nikafika mstari niliouandika kwa herufi kubwa kuliko mingine, kwa sababu niliuona ndio wenye nguvu:

— "Sisi wauzaji wa Lushoto ni watu wa haki. HATUJAWAHI KUMUUZIA MTOTO HATA MMOJA."

Husna akafungua pindo la kanga.

Vilikuwa vichupa vinne, vidogo, vya ladha ya embe. Akavipanga kwenye ubao, kimoja kimoja, kwenye ile ncha karibu na nguzo. Vyote vitupu. Vyote vina maandishi ya bluu.

— Hii ni kalamu yako, shemeji?

— Ni yangu, nikasema. Kila mtu anaijua.

— Mimi kusoma nasoma kidogo, namba nazijua. Hii ni elfu tano.

— Ndiyo. Bei ni moja.

— Na hii ya chini ni tarehe.

— Ndiyo.

— Baba mkwe tulimzika mwezi wa tatu. Aligusa kichupa cha kwanza kwa kidole. Hiki ni mwezi wa tano. Hiki wa sita. Hivi viwili ni wa nane. Hakupandisha sauti hata kidogo. Nimekuja kuuliza tu. Nani alimtuma mtoto wangu?

Nimekaa kwenye benchi lile miaka kumi na moja. Nimesikia yakijibiwa maswali ya vita, ya mpira, ya mwisho wa dunia. Benchi letu halijawahi kukosa jibu. Siku hiyo nilisikia mtu anahesabu mafungu ya karoti ng'ambo ya barabara, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili.

Wa kwanza kujitahidi alikuwa Injinia, na alifanya hivyo kwa mapenzi, simlaumu.

— Shemeji, wino wa maka peni hubadilika. Ukikaa kwenye unyevu, tatu inaweza kuonekana nane. Mimi nimeona kwenye simu...

— Tatu inaweza kuwa nane, alisema Husna. Inaweza kuwa tano? Inaweza kuwa sita?

Injinia akatazama viatu vyake.

— Kisheria, alisema Wakili, ni lazima ithibitike kwamba vichupa hivi havikununuliwa na mtu mwingine, kisha...

— Nathanieli, alisema Bwana Misitu. Hakuna anayemwita Wakili jina hilo.

Bwana Misitu mwenyewe alitoa vepu yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Mjukuu wake wa kiume alikuwa amekuja dukani kwangu juzi yake, ametumwa.

— Mimi sikujua kitu, aliendelea Husna. Mwalimu Yusta ndiye aliyeniita shuleni. Akaniambia, mama Maryam, mtoto wako haandiki tena. Anashika kalamu mkono unatetemeka. Yuko darasa la sita, ana miaka kumi na miwili, mkono unatetemeka kama wa babu yake. Nikadhani ni huzuni. Walikuwa wanapendana sana, yeye ndiye alikuwa anamjazia. Nikadhani itapita. Juzi natandika kitanda chake, nimekuta mashine ya marehemu chini ya godoro na hivi. Nikamuuliza, hela umetoa wapi? Ya plamu anazouza kwa wageni njia ya Irente. Nikamuuliza, dukani unasemaje? Akasema, nasema nimetumwa na babu.

Mzee Nassoro alikuwa amemmiminia kikombe bila kuambiwa. Birika likatoa matone matatu manne, machicha, basi. Akalitikisa. Akakigeuza kikombe kichwa chini juu ya jiko. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Mimi nina hasira za karibu. Wote wananijua. Mtu akinigusa heshima yangu nawaka kabla hajamaliza. Na nilianza kuwaka, naungama. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni: mtoto mwenyewe kadanganya, mimi nitajuaje, mlee mtoto wako, mimi nina wateja mia. Nilifungua mdomo. Halafu macho yangu yakaangukia namba nane niliyoiandika mwenyewe, ina mkia wake, mimi nane yangu naipa mkia. Ikanitazama.

Kwa sababu nilijua.

Acheni niliseme lote, nikilikata halitatoka tena. Mara ya kwanza, mwezi wa tano, Maryam alikuja jioni. Alisema kama anavyosema siku zote: shikamoo baba Twaha, nimetumwa na babu. Nilisita. Mkono wangu ulikuwa kwenye rafu na ukasimama hapo hapo. Nikamtazama. Naye akanitazama. Nikajiambia, amezoea, ulimi umeteleza, pengine ni babu mwingine, mtu huwa na mababu wawili. Kulikuwa na mteja nyuma yake anataka mafuta ya taa. Nikampa. Nikaandika tarehe.

Na benchi lilikuwepo. Injinia, bila kuwaza, kwa mazoea tu, alimwambia: haya, msalimie babu. Maryam akasema: zimefika. Akapanda zake. Benchi likamfuata kwa macho, sisi sote tukiwa na jeneza lile begani mwetu. Halafu Wakili akaanza habari za mpira.

Mara ya pili sikumuuliza. Mara ya tatu nilikifunga kwenye gazeti kabla hajafungua mdomo. Yeye ndiye aliyesema, ili kunisaidia mimi: nimetumwa na babu. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa ananipa maneno ya kujifichia.

— Shemeji, nikasema. Hakuna aliyemtuma.

— Najua hakuna aliyemtuma.

— Nilijua.

— Hilo ndilo nilikuwa silijui.

Injinia aliniwekea mkono gotini. Nikautoa. Sikutaka kuguswa. Nikachukua ile barua, nikachukua maka peni kutoka nyuma ya sikio, ile ile, nikapiga mstari juu ya maneno ya herufi kubwa. Nikapiga wa pili. Karatasi ikatoboka.

— Usifute hapo, Wakili alinong'ona. Ukifuta hapo barua haina miguu. Saa nane karibu, Bei Moja.

— Usiniite hivyo leo.

Nikafuta na ile ya miguu ya mkubwa. Ndiyo ile niliyojivunia. Kilichobaki ni laki tano na mabegi ya Mombo, na Bwana Misitu na mlima wake. Bado ni kweli. Lakini ilikuwa kama kweli ya mtu aliyekutwa hana suruali.

— Umeandika nini? Husna aliuliza.

— Sijaandika. Nimefuta.

— Umefuta nini?

— Pale niliposema hatujamuuzia mtoto.

Alitikisa kichwa taratibu. Akaanza kuvikusanya vichupa, akavirudisha kwenye pindo, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

— Barua yako ipeleke, alisema. Mimi sina ugomvi na barua. Wakifunga duka lako, mwanangu atanunua kwa watu wa mabegi, hapo umesema kweli, na yule wa begi nitamkimbilia wapi? Hata dole nitaweka. Nipe wino.

Tulimtazama sote. Wakili alisukuma kidau cha wino kama mtu anayesukuma sahani ya moto. Husna akaweka dole gumba lake, la thelathini, chini kabisa, pembeni ya tundu nililolitoboa. Akajifuta kwenye kanga.

— Dole hilo ni la mambo ya serikali. Sasa tuje kwetu. Siku ya maziko, pale msikitini, shehe aliuliza nini?

Nilijua anachouliza. Kila maziko huulizwa.

— Aliuliza kama kuna anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu.

— Na wewe ulifanya nini?

Nilisimama, ndivyo nilivyofanya. Kati ya watu wote wale, mimi ndiye niliyesimama. Nilisema, mimi Twaha mwenye duka, marehemu amenunua kwangu miaka tisa, simdai hata senti na yeye hanidai, tumeachana safi. Watu walisema mashaallah. Mzee mmoja alinishika mkono akaniambia wafanyabiashara wa namna yako wamebaki wachache. Nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo. Nilimsimulia mke wangu mara mbili.

— Nilisimama, nikasema tumeachana safi.

— Ulisema mbele ya jeneza. Tangu siku hiyo jina lake limeuza vichupa vinne dukani kwako. Amelala kule juu, na huku chini anamtuma mjukuu wake anunue. Yule wa begi hajasimama mbele ya jeneza la baba mkwe wangu. Wewe umesimama.

— Shemeji, nipo radhi. Niambie hospitali, dawa, chochote, mimi nitatoa...

— Sijaja na hela, sitaki kuondoka na hela.

— Basi nikuombe radhi hapa hapa, mbele ya hawa.

— Hawa? Akawatazama mmoja mmoja, Injinia, Wakili, Bwana Misitu. Kila aliyetazamwa alishusha macho kwa zamu yake. Hawa walikuwepo.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Duka langu likaonekana lote, na bei zake zote za bluu, mpaka ya sabuni. Niliona aibu ya kila namba niliyoiandika pale.

Husna akajitwika ndoo yake ya karoti. Akamuaga Bwana Misitu, akamuaga Mzee Nassoro. Mimi akanigeukia mwisho, na safari hii hakusema shemeji.

— Twaha. Ijumaa baada ya swala utasimama pale pale ulipokuwa umesimama. Utasema mwezi wa tano, wa sita na wa nane. Utasema babu hakumtuma mtu. Mimi nitakuwa nje, upande wa wanawake, na Maryam nitamleta.

— Mbele ya msikiti mzima?

— Ulisimama mbele ya msikiti mzima.

— Na nikishindwa?

— Sijakuuliza kama unaweza. Jina la baba mkwe wangu liko kwako, nami nalidai. Ijumaa.